Ukiombwa Rushwa Ili Upate Kazi: Mwongozo kwa Mwombaji wa Ajira Tanzania

Kila matangazo ya ajira yanapotoka, maswali ni yaleyale. Je, ni kweli kwamba bila kuwa na mtu wako huko juu hupati kazi? Nimeambiwa niandae laki tano, nitoe au nisitoe? Nimeshatoa na simu haipokelewi, nifanye nini? Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwombaji anayeanza, hasa yule anayeomba kazi serikalini, ingawa sehemu kubwa inamfaa pia anayeomba katika kampuni binafsi.

Ushindani ni mkali, na hilo ndilo linalompa soko dalali, yaani mtu anayedai kwamba ukimpa fedha atakupatia kazi. Katika usaili wa walimu uliofanyika mwanzoni mwa mwaka 2025, walioomba walizidi 200,000 ilhali nafasi zilikuwa 14,648. Mzazi aliyeuza ng'ombe ili mwanawe asome chuo, akiona mtoto anakaa nyumbani mwaka wa tatu, huwa tayari kuuza na kiwanja. Watu wanaotafuna fedha hizo wanalijua hilo vizuri kuliko wewe, na mara nyingi hawana kazi yoyote ya kukuuzia.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Tafuta daftari moja la kuandikia kila jambo linalohusu maombi yako, pamoja na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho chako mwenyewe cha NIDA. Fungua barua pepe ambayo nywila yake unaijua wewe peke yako. Uwe na nakala za vyeti zilizothibitishwa na wakili, na nakala ya tangazo la kazi kama lilivyotolewa na mwajiri, si kama lilivyosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp. Hifadhi kwenye simu namba 113, ambayo ni ya bure na ni ya Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, yaani TAKUKURU.

Hatua ya 1: Hakikisha kwamba kazi ipo

Nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kupitia tovuti yake, na maombi hutumwa kwa mfumo wa Ajira Portal ulioko portal.ajira.go.tz. Halmashauri, mashirika na vyombo vya ulinzi na usalama navyo hutoa matangazo yao katika tovuti zao rasmi, ambazo nyingi anwani zake huishia na .go.tz. Kama tangazo ulilotumiwa halionekani katika tovuti ya taasisi inayotajwa, ipigie taasisi hiyo kwa namba iliyoko kwenye tovuti yake, wala usitumie namba iliyoandikwa chini ya tangazo lenyewe.

Pakua tangazo ulihifadhi. Likija kuondolewa au kubadilishwa baadaye, nakala yako ndiyo itakayoonyesha sifa zilizotakiwa na tarehe ya mwisho ya kupokea maombi.

Hatua ya 2: Funga mianya katika nyaraka zako

Hatua hii huonekana ndogo, lakini ndiyo inayomnyima dalali mlango wa kuingilia. Kauli anayoanza nayo mara nyingi ni hii: "Jina lako lina tatizo, lakini naweza kulinyoosha." Ukiwa na hakika kwamba maombi yako yamekamilika, kauli hiyo haitakutikisa.

Barua ya maombi iwe imesainiwa. Weka cheti cha kuzaliwa na vyeti halisi vya elimu, kwa sababu hati za matokeo ya muda na hati za kuonyesha matokeo tu hazikubaliki. Majina yafanane katika nyaraka zote. Yakitofautiana, kamilisha hati ya kiapo ya kubadili au kuthibitisha jina kabla ya kuomba. Aliyesoma nje ya nchi ahakikishe kwamba vyeti vyake vimetambuliwa na mamlaka husika, yaani TCU kwa vyuo vikuu, NECTA kwa elimu ya sekondari au NACTVET kwa vyuo vya kati na vya ufundi. Ukishatuma, piga picha ya skrini inayoonyesha kwamba maombi yamepokelewa.

Onyo: waombaji wengi hujaziwa fomu steshenari, na hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Kijana wa steshenari, kwa kutaka kumaliza haraka, hufungua akaunti kwa barua pepe yake na namba yake ya simu, na nywila huiandika katika daftari lake. Kuanzia siku hiyo taarifa zote za usaili humfikia yeye, na anaweza kukupigia na kukuuzia habari ambayo ni yako, tena bure. Ukilazimika kusaidiwa, kaa kando yake, tumia barua pepe na namba yako, kisha badilisha nywila kabla hujatoka dukani.

Onyo jingine: wapo wanaouza vyeti. Mwezi Aprili 2017, uhakiki wa vyeti uliofanywa na Serikali ulibaini watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi, na waliondolewa kazini, baadhi yao wakiwa wametumikia miaka mingi.

Hatua ya 3: Jua mchakato unavyokwenda

Maombi yakishafungwa, hufanyika mchujo wa nyaraka. Walioitwa hutangazwa kwa orodha ya wazi, na asiyeitwa anaweza kuingia katika akaunti yake kuona sababu. Baadaye hufuata usaili wa kuandika, wa vitendo kwa kada zinazohitaji, na mahojiano ya ana kwa ana. Waliofaulu hupangiwa vituo vya kazi, na wale waliofaulu bila kupata nafasi huhifadhiwa katika kanzidata, ambamo wanaweza kuchukuliwa nafasi inapojitokeza. Kwa hiyo mtu anaweza kupangiwa kazi miezi kadhaa baada ya usaili bila mkono wa mtu yeyote, na jambo hili lisipoeleweka huzaa uvumi kwamba "kuna aliyemshika mkono".

Katika hatua zote hizo hakuna malipo. Hakuna ada ya fomu, hakuna ada ya usaili, wala hela ya "kufungua faili". Gharama zako ni nauli, chakula na malazi, na matangazo ya kuitwa kwenye usaili husema hivyo waziwazi.

Hatua ya 4: Tambua ombi la rushwa linapokuja

Mara chache mtu atatamka neno rushwa. Utasikia hela ya soda, chai, kishika mkono, hela ya wazee, au mafuta ya gari. Ujumbe wa kawaida husomeka hivi: "Dogo, jina lako nimeliona lipo. Kuna wazee wawili wa kuwaona hapa Dodoma. Andaa laki tano, nusu leo nusu ukishapangiwa kituo. Usimwambie mtu." Utazame ujumbe huo kwa makini. Hautaji ofisi, hautaji jina la mtu, unaharakisha, na unakutaka ukae kimya. Kila tapeli wa ajira hutegemea mambo hayo manne.

Ni vyema kuelewa namna biashara hii inavyoendeshwa, kwa sababu ndiyo inayowafanya hata watu wazima wenye akili zao waamini. Dalali huchukua fedha kwa waombaji wengi wa kada moja, tuseme ishirini. Hafanyi lolote. Matokeo yakitoka, watatu kati yao wamefaulu kwa jasho lao, naye huwapigia kabla hawajafungua simu, akiwapongeza na kudai nusu iliyobaki. Hao watatu hugeuka kuwa mashahidi wake mtaani, kila mmoja akiapa kwamba jamaa ni wa uhakika. Wale kumi na saba huambiwa kwamba "safari hii kulikuwa na vimemo kutoka juu", wengine hurudishiwa kidogo ili wanyamaze, na wengine huahidiwa awamu ijayo. Aliyefaulu alinunua kilichokuwa chake tayari, na aliyefeli alinunua hewa.

Hata hivyo, wapo wenye madaraka ya kweli wanaouza nafasi. Katika sekta binafsi na katika kazi za mkataba, msimamizi au ofisa rasilimali watu anaweza kukutaka umwachie mshahara wa mwezi wa kwanza, au sehemu ya malipo yako kila mwisho wa mwezi. Huyu si tapeli, kwani kazi anayo. Kosa lake ni lilelile, kwa sababu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inahusu sekta ya umma na sekta binafsi pia.

Hatua ya 5: Usikubali, usigombane, andika

Ukiombwa, jibu kwa ufupi na kwa utulivu, kwa mfano: "Nimekusikia, mzee wangu, ngoja nitafakari." Usiahidi fedha, na usiseme kwamba utamshtaki. Mtu akishatishwa hufuta ujumbe, hubadilisha laini na kuwaonya wenzake.

Kisha andika katika daftari, siku hiyohiyo, mambo haya: tarehe na saa, mahali, jina au namba aliyotumia, maneno yake kama alivyoyasema, kiasi alichotaja, kazi na taasisi aliyoitaja, na nani mwingine alikuwepo. Hifadhi ujumbe wake ulivyo kwenye simu uliyopokelea. Picha za skrini ni nyongeza tu, haziwi mbadala wa simu yenyewe. Kama alikupigia, usifute kumbukumbu ya simu zilizoingia.

Kosa la kawaida hapa ni kuupeleka ujumbe huo mtandaoni ukiwa na jina na picha ya mtu. Ukifanya hivyo, umemwonya mhusika kabla ya uchunguzi kuanza, na wewe mwenyewe unaweza kujikuta ukijibu shauri la kumchafulia mtu jina.

Hatua ya 6: Toa taarifa kabla fedha haijatoka mkononi mwako

Hapa ndipo wengi huchelewa. Mtu hulipa kwanza, husubiri matokeo, na akikosa kazi ndipo hukumbuka sheria. Nenda mapema, kwa sababu taarifa ya rushwa ambayo haijalipwa ina nguvu kubwa kuliko malalamiko ya fedha iliyokwisha kuliwa.

Piga 113 au nenda katika ofisi ya TAKUKURU ya mkoa au wilaya uliyopo. Eleza kwa mpangilio ulioandika katika daftari, na uonyeshe ujumbe. Maofisa wanaweza kuamua kuweka mtego, ambapo fedha huandaliwa na taasisi yenyewe na namba za noti kurekodiwa, nawe huelekezwa hatua kwa hatua. Fuata maelekezo yao. Usijitengenezee mtego wako na marafiki, kwa kuwa fedha ikishapita mkononi bila wachunguzi kujua, ni vigumu kuthibitisha kwamba hukuwa mtoaji rushwa wa kawaida.

Nalo hilo la mtoaji lieleweke vizuri. Kifungu cha 15 cha sheria hiyo ya 2007 kinamhusu anayetoa sawasawa na anayepokea, na hata kuahidi tu ni kosa. Huwezi kujitetea kwamba shida ndiyo iliyokusukuma.

Kama unaogopa kulipiziwa kisasi, waeleze maofisa hofu hiyo tangu mwanzo. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, inayotaka utambulisho wa mtoa taarifa ulindwe. Ulinzi huo ni wa mtu aliyetoa taarifa kwa nia njema. Kumsingizia mwenzako uongo ni kosa kisheria, nako kunawaumiza wote watakaokuja baadaye na taarifa za kweli.

Hatua ya 7: Ukiombwa ngono badala ya fedha

Kifungu cha 25 cha sheria hiyohiyo kinamlenga mwenye mamlaka anayeweka ngono kuwa sharti la kutoa ajira, kupandisha cheo au kutoa upendeleo wowote. Hatua ni zilezile za kuandika na kutoa taarifa, ila yapo mambo mawili ya kuongeza.

La kwanza, usiende peke yako mahali palipo nje ya ofisi. Usaili wa kweli haufanyiki katika chumba cha hoteli saa mbili usiku, na "tuje tuzungumze vizuri kuhusu mkataba wako" si wito wa usaili. Jibu kwamba utafika ofisini saa za kazi, na umwambie mtu unayemwamini unakokwenda. La pili, kama tayari umeshikwa, umelazimishwa au umetishiwa, nenda katika Dawati la Jinsia na Watoto la kituo cha polisi na upate huduma hospitalini haraka, kabla ya kuoga au kufua nguo, kwa kuwa ushahidi wa kitabibu hupotea upesi. Aliyefanyiwa hivyo hana kosa lolote, awe binti au kijana wa kiume, na aibu ni ya yule aliyekigeuza cheo chake kuwa chambo.

Hatua ya 8: Upendeleo usio na fedha

Kujuana ni vigumu zaidi kukamata kuliko rushwa, kwa sababu hakuna noti inayobadilishana mikono. Kwanza tenganisha mambo. Mjomba akikupigia kukuambia kwamba shirika fulani limetangaza nafasi, hajakosea, na hata mtu aliyekufundisha kazi akikuandikia barua ya kukudhamini kwa ukweli hajakosea. Upendeleo huanza pale mwenye uamuzi anapompa ndugu yake alama ambazo hakuzipata, anapomvujishia maswali, au anapokubali kimemo cha kigogo kiwe na uzito kuliko mtihani.

Mambo haya yamewahi kutokea na yamewahi kurekebishwa. Mwaka 2014, ajira 200 za konstebo na koplo katika Idara ya Uhamiaji zilifutwa baada ya malalamiko ya umma kwamba waliochukuliwa ni ndugu na jamaa wa watumishi, na uchunguzi kufanywa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Mwaka huohuo nchini Kenya, Mahakama Kuu ilibatilisha uandikishaji wa askari polisi 10,000 baada ya mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi kupeleka shauri. Katika kesi zote mbili malalamiko yalikuwa na mambo mahususi ya kuchunguzwa, na hilo ndilo unalopaswa kulenga.

Iandikie taasisi iliyokusaili barua. Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kutoka taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Barua isiwe ya matusi wala ya mashairi. Inatosha kuandika hivi: "Nilifanya usaili wa nafasi ya … tarehe …, nikiwa na namba ya usaili … Naomba kufahamishwa alama nilizopata katika kila hatua, alama ya chini iliyotumika kuchukua waombaji, na vigezo vilivyotumika." Usiombe alama za mtu mwingine kwa jina lake, kwa sababu taarifa binafsi za watu hulindwa na utapewa sababu ya kukukatalia barua nzima. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo.

Jibu likionyesha kasoro, peleka malalamiko kwa Sekretarieti ya Ajira. Kama unajua kwamba msaili fulani alimsaili ndugu yake, taja jina, uhusiano na siku ya usaili, kisha ipelekee TAKUKURU, kwa maana kutumia madaraka vibaya nako ni kosa chini ya sheria ya 2007.

Katika sekta binafsi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu au mahali mtu atokako, na inamlinda hata mwombaji ambaye hajaajiriwa. Shauri la namna hiyo hufunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60. Lakini mwenye duka akimwajiri mwanawe kwa sababu ni mwanawe tu, njia hiyo haitakusaidia sana, na ni heri nguvu zako ukazielekeza kwenye maombi mengine.

Mambo yakienda mrama

*Nimeshatuma fedha.* Ukigundua muda huohuo, piga 100 kwa mtandao wako wa simu uombe muamala uzuiwe, ukiwa na namba ya kumbukumbu ya muamala. Peleka taarifa polisi kama utapeli, na uutume ujumbe wa tapeli kwenda 15040. Kama uliyempa ni mtumishi wa kweli, tafuta kwanza ushauri katika kituo cha msaada wa kisheria, kisha uende TAKUKURU ukaeleze ukweli wote, ikiwemo kwamba ulitoa. Ukificha sehemu hiyo nayo ikaja kugundulika, ushahidi wako wote utatiliwa shaka.

*Nimefaulu, na dalali anadai nusu iliyobaki.* Humdai, hakudai. Hawezi kukunyang'anya nafasi uliyopangiwa kwa orodha ya wazi. Akikutishia, hifadhi vitisho vyake na uvipeleke TAKUKURU au polisi, na usilipe "ili mambo yaishe", kwani akishajua kwamba unalipa atarudi kila mwisho wa mwezi.

*Anayeniomba ni ndugu, na nyumbani wananilazimisha.* Waonyeshe wazazi tangazo lenyewe, na hatua ya tatu ya mwongozo huu. Muulize ndugu huyo, kwa heshima na mbele yao, jina la ofisi na la mtu atakayepokea fedha. Mara nyingi mazungumzo hufia hapo, na fedha ya mzee hubaki salama bila ukoo kugawanyika.

*Aliniomba kwa mdomo tu, sina ushahidi.* Toa taarifa hata hivyo. Maelezo yako yaliyoandikwa siku ileile ni mwanzo wa uchunguzi, na inawezekana kwamba mtu huyohuyo ameshalalamikiwa na wengine. Akikupigia tena, mwombe akutumie kiasi na namba ya kupokelea kwa ujumbe wa maandishi.

*Nimepigiwa na mtu anayelijua jina langu kamili na namba yangu ya usaili.* Hilo halithibitishi kwamba yuko ndani ya ofisi. Orodha za walioitwa huwekwa hadharani, na namba ya simu huweza kutoka katika wasifu wako uliousambaza. Badilisha nywila ya akaunti yako, piga *106# kuangalia laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoitambua nenda kwa mtoa huduma ifungwe.